Yoti yangu ya mita 42 inaonekana kama ya kuchezea. Shida ni taa au ni nini?

Mchoraji_wa_Tabata

Wakuu habari za saa hizi. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa Blender (programu ya kuchora 3D) kwa wanaoanza.

Mimi ni mchora ramani za nyumba, niko Dar. Riziki yangu ni kurenda: mteja analeta plani ya ghorofa, namtolea picha za nje na ndani, anazitundika Instagram kabla msingi haujachimbwa. Kazi ipo, lakini nimechoka na mageti meusi na vioo vya bluu. Nataka kuhamia kwenye yoti, zile boti za kifahari. Ile Motor Yacht A aliyoichora Philippe Starck, ya mwaka 2008 yenye omo (pua ya mbele) lililoinama kinyume, ndiyo iliyoniharibu akili.

Nimemaliza modeli yangu ya kwanza ya kuweka kwenye potifolio. Urefu mita 42, urefu kwenye mstari wa maji mita 38, upana 8.6, kina ndani ya maji 2.3. Sitaha nne. Vyumba tisa, wageni 18. Bwawa la mita 6 kwa 3 juu kabisa, kina chake 1.2. Vioo kutoka sakafuni hadi darini. Spidi noti 35 (maili za baharini kwa saa). Omo kama la A.

Picha nne ziko hapo chini. Kila ninayemwonyesha anasema "kazuri", hako ka- ndiko kanakoniua. Inaonekana kama kitu cha kuweka juu ya meza. Nimebadili anga, nimejaribu machweo, nimetia ukungu wa lenzi mbele na nyuma kama ninavyofanya kwenye picha za sebule, wapi. Niongeze sampuli za kurenda? Ninunue kadi kubwa ya picha?

Kifaru_Bati

Kadi mkuu. Na ukitoka Blender uende Unreal, ile injini ya magemu, maji ya kule ni moto.

Nahodha_Mkavu

Maji ya kule ni moto, yoti itabaki hiyo hiyo. Mtoa mada, hela ya kadi kaa nayo.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanyia kazi Sharjah, na kazi yenyewe ndiyo hiyo ya kurenda yoti. Jina langu humu limetokana na kwamba bahari naiona kwenye skrini tu. Picha zako nimezifungua zote. Taa zako ni nzuri kuliko za watu wengi wanaoleta kazi ofisini kwetu. Shida ni kwamba umechora ghorofa la Mikocheni ukalisukuma majini.

Anza na kimo. Nimechukulia reli yako ya sitaha ni mita moja, maana reli kwenye vyombo hivi haiendi mbali na hapo, nikaitumia kupimia mengine yote. Kutoka sakafu hadi sakafu unapata kama mita 3.2. Hiyo ni nyumba. Kwenye yoti ya saizi yako ni 2.7 au 2.8, na humo humo ipite mihimili, mabomba ya kiyoyozi na nyaya, mtu abakiwe na mita 2.1 hivi za kusimama. Wewe sitaha nne mara 3.2 umefika karibu mita 13 juu ya maji, kwenye upana wa 8.6. Anayetazama hajapiga hesabu hiyo, lakini jicho lake linajua kwamba kitu kirefu hivyo na chembamba hivyo kingelala ubavu kwenye mawimbi, kwa hiyo linaamua kwamba ni kidogo na ni cha plastiki. Yoti nyingi za mita arobaini na ushee zina sitaha tatu, halafu juu panakuwa wazi pa kuotea jua. Ondoa moja, shusha zilizobaki.

Bwawa sasa. Mita 6 kwa 3 kwa 1.2 ni mita za ujazo 21.6, yaani maji peke yake yanapita tani 21. Uzito wa yoti nzima unaukadiria hivi: mstari wa maji mara upana mara kina, mara 0.45 kwa sababu mwili si boksi, mara 1.025 kwa maji ya chumvi. Yako inatoka kama tani 347. Umepandisha karibu asilimia sita ya chombo chote ukaiweka darini, tena ikiwa kimiminika kinachokimbilia upande ule ule chombo kinakolalia. Lishushe tezi, yaani nyuma, karibu na maji, hata picha itapendeza zaidi. Vioo navyo: kila milimita moja ya unene ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kioo cha milimita 20 ni kilo 50. Piga kwa ubavu mzima uone. Sisemi uviondoe, watu wa mjini hapa wanavitaka, ila viache chini tu, juu weka vichache.

Wageni 18 hapana. Yoti ya kukodisha ikipita abiria 12 inahesabiwa meli ya abiria, na sheria zake ni ulimwengu mwingine. Ndiyo maana ukitazama yoti za saizi yako utaona vyumba vitano au sita, mara nyingi sana. Huo si uvivu wa wabunifu. Kuna na mstari wa GT 500 (GT ni gross tonnage, kipimo cha ukubwa wa chombo), kama mita za ujazo 1,880 za nafasi iliyofungwa. Ukiuvuka masharti yanakuwa mazito na wenye hela wengi huukwepa makusudi. Vyumba vitatu ukivitoa umepata pa kuwalaza mabaharia, maana kwenye plani yako sijaona kitanda hata kimoja cha baharia. Nani atapika? Nani atafuta hivyo vioo?

Noti 35: chukua kipeuo cha pili cha mstari wako wa maji kwa mita, zidisha kwa 2.43. Unapata noti 15. Mwili mzito kama wako ukifika hapo unaanza kupanda wimbi unalolitengeneza wenyewe, na kila noti ya ziada inadai mafuta ya kutisha. Zipo yoti zinazokimbia 35, lakini ni nyepesi, tumbo lake limechongwa la kupaa juu ya maji, na injini zinakula nafasi uliyoipa sinema. Mimi ningeandika 15. Mteja wa kweli anajua, na mtu anayekuajiri anajua zaidi.

Omo la A achana nalo. A ina mita 119. Wimbi linalopita chini ya pua yake bila habari ndilo litakalopanda kwenye sitaha yako, na omo lililoinama kinyume halina ule mpanuko wa juu wa kulitupa pembeni. Wewe hapo mbele umeweka makochi meupe.

Sasa ndiyo tuje kwenye picha. Ukungu wa lenzi uzime kabisa. Sebule inauvumilia. Lakini kamera iliyosimama mita 80 kutoka kwenye yoti ya mita 42 inaona kuanzia omo hadi tezi bila ukungu. Ukiutia, ubongo unasema hiki kimepigwa kutoka karibu, basi ni kidogo. Hapo ndipo "ka-" ilipozaliwa. La pili ni maji. Umetumia modifaya ya bahari ya Blender, ile inayotengeneza mawimbi, na sidhani umegusa upepo. Inakuja na mita 30 kwa sekunde. Hiyo ni tufani, na kwenye picha yako mwanamke amekaa na glasi ya mvinyo! Weka mita 4 au 5, ongeza ubora wa mawimbi uone vile viwimbi vidogo vidogo kabisa. Wimbi moja nono lenye kimo cha sitaha linaifanya yoti iwe bata wa bafuni. Mwisho, povu lilingane na spidi uliyoandika: ukisema imetia nanga, nyuma pasiwe na povu, na nanga yenyewe ionekane. Yako haina hata tundu la nanga.

Mchoraji_wa_Tabata

Nimesoma nimekaa kimya kwanza. Ukungu nimezima muda huu huu, tayari ni chombo kingine. Sitaha nitashusha usiku. Bwawa linaniuma lakini sawa.

Swali moja. Kwenye ubavu, kama katikati hivi, kuna mahali mwanga unavunjika. Nimelainisha mpaka basi. Rangi ni bluu iliyokoza.

BintiMatondoni

Bluu iliyokoza inayong'aa haifichi kitu, kaka. Hata mafundi wa yoti za kweli wanateseka nayo, kila bonde linaonekana, na juani inachemka.

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, Lamu. Karatasi hakuwa nayo. Mkuku (uti wa chini wa chombo) kwanza, fashini (nguzo) za omo na tezi, mbao zikianza kupanda anachuchumaa mbele ya omo, anafumba jicho moja, anatazama ubao kwa urefu wake wote. Akiona kiwiko, yaani mkunjo wa ghafla, ubao unang'oka, hata kama jua limeshazama na vijana wananung'unika.

Ubavu wako una kiwiko. Uko kwenye mstari wa ukingo wa juu, pale sitaha ya chini inapoishia, si pale mwanga unapovunjika. Mwanga unakuonyesha tu matokeo yake. Usilainishe, punguza. Mstari mrefu wa mita 42 unahitaji nukta chache sana za kuushika, na wewe naona umerundika nukta hapo kwa ajili ya dirisha. Ondoa dirisha, chora ubavu mtupu, ukinyooka ndipo utoboe. Blender ina matikapu (ngozi za majaribio za kuvalisha modeli) za mistari myeupe na myeusi, washa moja uzungushe modeli taratibu. Mistari itiririke kutoka omo hadi tezi bila kukatika wala kubanana.

Nahodha_Mkavu

Sikiliza huyu dada. Na kama ubavu utazidi kukusumbua, Rhino, programu nyingine ya kuchora 3D, wanatoa siku 90 za majaribio bure. Mikunjo ya namna hii ndiyo kazi yake, na ina kipimo chake cha mistari ya pundamilia. Chora mwili kule, urudi Blender kwa kurenda. Kwetu tunafanya karibu hivyo hivyo.

Ukiwa tayari, weka kwanza mtu wa mita 1.75 kwenye kila sitaha, asiondoke mpaka siku ya mwisho. Halafu utuletee picha mbili: moja kamili, na moja ya ubavu tu, rangi ya kijivu, bila maji, bila anga, bila mwanamke wa mvinyo. Hiyo ya kijivu ndiyo nitakayoifungua kwanza.