Naomba ushauri: kuifikia One Piece ya sasa baada ya Wano

Wakuu, naombeni ushauri. Aliyemaliza Wano, sehemu mojawapo ya hadithi ya One Piece, kwenye anime (katuni ya Kijapani ya video) anaanzia sura ya 1058 ya manga (hadithi yenyewe ya michoro), maana Wano inafungwa 1057. Kwenye programu ya MANGA Plus ya mchapishaji wake, Shueisha, sura tatu za mwisho ni bure. Za kati husomwa bure mara moja tu, kurudia ni kwa kulipia. Hapo ndipo pagumu: Egghead, sehemu inayofuata Wano, imejaa majina na siri za zamani, usiporudi nyuma unapotea. Je, bora kuandika muhtasari kila baada ya sura kumi, au kulipia mwezi mmoja na kuzimaliza zote? Na visa vya kurasa za mwanzo wa sura, ambavyo anime huviruka vingi, visomwe lini? Sura mpya hutoka Jumapili saa 12 jioni, saa za Afrika Mashariki, isipokuwa wiki za mapumziko.