Hivi sisi tunaocheza gemu kwa kujiburudisha tu, tumewakosea nini?

Wakuu, salaam. Nimeandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka lugha laini apite kimya kimya. Mods wa jukwaa hili, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa bei za PS5, yaani PlayStation 5. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mimi si mwana-gemu wa kutukuka. Nina kazi, nina familia, nina foleni ya Mbagala kila jioni. Watoto wakishalala nabakiwa na kama saa moja hivi. Muda huo nataka kushika pedi, nipige mechi mbili tatu, nikalale. Basi. Sitaki ubingwa, sitaki wafuasi, sitaki kuitwa mkali.

Sasa washa mashine ya PlayStation uone. Apdeti! GB 40! Gemu umeshainunua, diski iko ndani inazunguka, lakini huingii mpaka ushushe huo mzigo. Mwenye faiba anakwenda kuchemsha chai, akirudi imeisha. Mimi ni mtu wa bando na hotspot ya simu. Nikishusha GB 40 usiku huu, nyumba nzima haifungui hata WhatsApp mpaka mwisho wa mwezi. Na hiyo ni ndogo. Call of Duty, ile gemu ya vita, imewahi kuvuka GB 200 kwenye kompyuta. PS4 ya kwanza ilitoka na nafasi ya kuhifadhi ya GB 500 yote kwa yote! Hawa watu wanadhani tunaishi wapi?

Zile PS2 zetu zilizochipiwa ili zisome hata diski za kunakili, ulikuwa unaweka diski ya kuchoma kutoka Kariakoo, inasoma, mnacheza. Na haikukuuliza unatoka nchi gani.

Hapo kwenye nchi ndipo damu inaponichemka. Mtanzania akitaka kufungua akaunti ya PlayStation Network (PSN), mtandao wa Sony wa kununulia na kuchezea gemu, kwenye orodha ya nchi Afrika nzima inawakilishwa na Afrika Kusini. Tanzania hakuna. Kenya hakuna. Uganda hakuna. Oman ipo, kwa hiyo ndugu zetu wa Muscat wanajisajili kwa majina yao bila wasiwasi. Sisi tuliobaki ni kudanganya. Nusu ya watu ninaowafahamu wenye PS ni "Wamarekani", na wengi wao "wanaishi" Oregon kwa sababu kule hakuna kodi ya mauzo. Hawajawahi kufika hata Nairobi. Kadi ya benki ya hapa duka la huko halina mpango nayo, kwa hiyo unanunua vocha ya dola kwa jamaa wa Instagram ambaye ameshaweka cha juu chake. Halafu masharti yanasema ukidanganya nchi unaweza kufungiwa akaunti na kila ulichonunua humo. Yaani hela yangu wanaitaka, mimi mwenyewe hawanitaki.

Mmesahau Helldivers 2, gemu ya risasi ya Sony? Imetoka Februari 2024, watu wakainunua Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wakacheza vizuri tu. Mei 3, Sony wanatangaza kwamba wachezaji wa kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PSN. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako PSN haipo, za kwetu zikiwemo. Siku chache baadaye Sony wakafuta lile sharti. Kwa nini? Kwa sababu Wamarekani na Wazungu nao walikasirika, wakaimwagia gemu alama mbovu kwa malaki. Tungelalamika sisi wa huku peke yetu, mpaka leo tungekuwa tunajaza fomu.

Twende kwenye mpira. Gemu kamili umelipia, bei ya gemu mpya imefika dola 70, lakini kikosi cha maana cha Ultimate Team, ile sehemu ya kujijengea timu yako, mpaka ufungue pakiti za wachezaji. Ndani kuna nini? Hujui. Lipa kwanza. Ubelgiji walitamka mwaka 2018 kwamba huu mtindo wa maboksi ya bahati ni kamari, na Januari 2019 EA, wenye gemu ya FIFA, wakaacha kuuza nchini humo FIFA Points, yaani pointi za kununulia pakiti. Huku kwetu duka la kubeti lina bango la miaka 18 mlangoni. Gemu ya mpira kwenye boksi lake la Ulaya imeandikwa PEGI 3, alama ya umri. Miaka mitatu! Mpwa wangu yuko darasa la sita, na hadithi zake zote ni za pakiti aliyofungua na mchezaji aliyekosa. Matokeo ya mechi zenyewe hata hayakumbuki.

Na usidhani ukilipa kitu kinakuwa chako. Ubisoft waliuza The Crew, gemu ya magari, kuanzia mwaka 2014. Machi 31, 2024 wakazima seva, kompyuta zao zinazoiendesha gemu, na kwa kuwa ilihitaji intaneti hata ukicheza peke yako, ikafa yote, mwenye diski na asiye na diski. Wazungu wakaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, ya kupinga gemu kuuawa hivyo, sahihi milioni moja Ulaya zikapita Julai 2025. Tangu Oktoba 2024 hata Steam wanakwambia pale unapolipia kwamba unanunua leseni. Angalau hao wamesema ukweli.

Lakini makampuni ni makampuni, yapo kwa ajili ya hela. Wanaoniudhi kuliko wote ni nyinyi.

Ndiyo, nyinyi wana-gemu wa kujimwambafai. Mtu akisema gemu ni ngumu mno kwa muda alio nao, mnamrukia: fanya mazoezi, rudi kwenye gemu za simu, gemu hii si ya watu kama nyie. Nilishawahi kuuliza mahali kama Sekiro, gemu ya mapanga inayosifika kwa ugumu, ina ngazi rahisi. Haina, sawa, jibu ni neno moja. Nikapewa mhadhara na matusi juu. Mbona Celeste, gemu nyingine ngumu ya mwaka 2018, iliweka msaada ndani, unaweza kupunguza kasi ya mchezo, unaweza hata kuchagua usife kabisa, na wababe bado wanashindana nani ataimaliza haraka zaidi? Mimi nikicheza rahisi sebuleni kwangu wewe unapungukiwa nini?

Mtandaoni ndiko hakufai kabisa. Seva nyingi tunazoangukia ziko Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini, mchezaji wangu anapokea pasi wakati goli limeshaingia, na juu yake kuna mtoto kwenye maiki anamtukana mama yangu. Wakisikia lafudhi ndiyo kabisa. Dada zetu wanaocheza wengi wameacha kufungua maiki, na siwalaumu.

Kwenye kibanda cha gemu tulikuwa tunatukanana pia, tusidanganyane. Ukifungwa unatoka, unalipia, unakaa benchi unachekwa. Lakini yule yule aliyekuchapa nne bila ndiye anakuonyesha zile kona anapigaje, kwa sababu kesho anataka mtu wa kucheza naye. Jitu la mtandaoni likikufunga linaondoka, linatafutiwa mwingine.

Najua mtakuja na "acha kucheza basi". Siachi. Gemu nazipenda, na zinazoheshimu watu zipo. Stardew Valley, gemu ya shamba, aliitengeneza mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka mwaka 2016. Unalipa mara moja, anaongeza vitu miaka yote hiyo bila kukudai senti, unalima mchicha wako dakika ishirini, unazima. Haikukasirikii kwa kutoonekana wiki mbili. Mtu mmoja ameweza. Haya makampuni yenye maelfu ya wafanyakazi yanashindwa nini kuniwekea ligi ya kucheza bila mtandao isiyodai kuingia kwenye akaunti?

Wa "nunua PC" msije kabisa, hiyo hela sina. Wa kutetea makampuni mje, nina hamu nanyi.

Na kama kuna mtu Dar anauza diski za PS4 ambazo gemu nzima imo humo humo, haziombi apdeti ndiyo zifunguke, anicheki PM, yaani ujumbe wa faragha, na bei. GTA San Andreas ninayo.