Tupeane uzoefu: enzi za foleni za duka la kaya (duka la bidhaa za mgao) zilikufundisha kutanguliza nini?

Mji Kasoro Bahari: Wakuu, jana dukani nimemkuta mtu anafokea muuzaji kisa sabuni ya harufu anayoipenda imeisha, na rafu imejaa sabuni nyingine. Nikakumbuka Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 80, tunafulia majani ya mpapai, jiwe la mama linashika nafasi kwenye foleni tangu alfajiri. Mpaka leo mshahara ukiingia, chakula cha ndani kwanza, mengine baadaye. Nyie je?

Mzee wa Katambuga: Na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano! Usiupite.

Bi Harusi 82: Nimeolewa 1982, gauni la kuazima, sukari na soda za kibali, hazikutosha hata meza ya wazee. Ndoa ipo, wajukuu wapo. Wanangu naona wanakopa mamilioni kwa ajili ya ukumbi wa usiku mmoja, roho inaniuma. Nimewaambia mchango wangu nitautoa kiwanja, si ukumbi.

Lindi Kuchele: Msiitukuze dhiki. Zile zilikuwa siasa mbovu, basi.

Kagera 79: Ndugu, vita umeisahau? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa 1977, Amin wa Uganda akaingia Kagera Oktoba 1978, bei ya mafuta nayo ikapanda. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda miezi 18.

Lindi Kuchele: Miezi 18 gani iliyofika hadi 1985? Na 1974 tunaagiza nafaka nje kwa meli, Amin alikuwa ameshaingia?

Kagera 79: 1974 ulikuwa ukame.

Lindi Kuchele: Ukame, na watu walioswagwa kwenye vijiji vya ujamaa wakaacha mashamba yao!

Binti wa Dukani: Naomba niseme langu, limenikaa kooni. Baba alikuwa na duka dogo kwenye mji mmoja wa reli ya kati. 1983 ilipoanza ile kampeni ya kukamata wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, redio kila jioni inatangaza waliokamatwa. Baba alikuwa na katoni za sabuni stoo, risiti za baadhi hazipo kwa sababu aliyemuuzia alikataa kuandika. Majirani wakawa wanatupa mali mtoni usiku. Mama mjamzito, anatetemeka, akasema na sisi tutupe. Tukabeba mche mmoja mmoja, taa imezimwa, tukatumbukiza chooni. Nasikia mpaka leo ule mlio. Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa amejifungua wiki ile na hana kipande cha kuoshea nepi, na hatukuthubutu kumpa maana angeulizwa kaipata wapi. Asubuhi mama akatufulia sare kwa majani ya mpapai.

Baba walimchukua hata hivyo. Aliporudi, mashavu yameingia ndani, sisi tunasubiri aulize duka. Akauliza, "Nani kaacha shule?" Hakuna aliyekuwa ameacha. Duka hakulifungua tena, alilima mpunga akatusomesha wote. Ndiyo maana mimi ada inalipwa kabla ya kodi ya nyumba, na risiti zangu zote ziko kwenye sanduku la bati.

Mzee wa Katambuga: Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Bi Harusi 82: Mtoto aliyekuwa tumboni?

Binti wa Dukani: Yupo, mwalimu.

Kagera 79: Pole. Ila Sokoine, waziri mkuu aliyeiongoza kampeni, mwenyewe alikuwa mtu safi, alitaka kuwashika walanguzi wakubwa.

Lindi Kuchele: Wakashikwa wenye miche ya sabuni. Ruksa ya Rais Mwinyi, ya kufungulia biashara, ndiyo iliyotuokoa.

Kagera 79: Bidhaa zilianza kurudi na bajeti ya 1984, Mwinyi hajaingia Ikulu. Soma historia.

Mji Kasoro Bahari: Jamani, turudi kwenye mada. Vijana wafanye nini?

Mzee wa Katambuga: Mahindi. Nunua mwezi wa saba bei ikiwa chini, weka ndani.

Dogo wa Mbezi: Dumuzi, wale wadudu wa mahindi, watamaliza, mzee. Bora vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja.

Mzee wa Katambuga: Vipande vinasagwa ugali? Tia kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka zisizopitisha hewa, funga kila tabaka peke yake, dumuzi wanakosa hewa wanakufa.

Bi Harusi 82: Kiwanja kwanza.

Binti wa Dukani: Ada kwanza.

Dogo wa Mbezi: Hiyo mifuko inapatikana duka lolote la pembejeo au mpaka Kariakoo?