Mbwa wako alikupokeaje ulipomfuata bodingi? Tupeane uzoefu

Mama Simba Nyegezi
Mwadila wakuu. Naomba tupeane uzoefu wale mnaofuga mbwa maana mimi tangu jumamosi moyo haujatulia kabisa.

Nina dume langu linaitwa Simba, miaka 4, chotara wa German Shepherd na hawa wetu wa kienyeji. Mwezi uliopita mama aliugua ikabidi nimsindikize Dar kwa matibabu, nilijua ni wiki moja zikafika siku 24. Nyumbani hakuna wa kumwachia, majirani wanamuogopa, dada wa kazi ndo kabisa hata bakuli lake anasukuma na fagio, nikampeleka bodingi, kuna kaka analea mbwa za watu unalipa kwa siku, mabanda masafi niliyakagua mwenyewe. Sasa kwenye basi njia nzima nawaza Simba ataniangusha chini kwa furaha, maana hata nikienda sokoni masaa mawili tu nikirudi geti linataka kung'oka.

Nimefika, kijana kafungua banda, Simba katoka akaninusa mkono, akaninusa gauni, alafu akanipita. Akaenda kukaa miguuni kwa yule kijana! Nikamwita Simbaa, kageuza sikio moja tu. Kwenye gari kaangalia dirishani mwanzo mwisho. Nimelia kuanzia Mkuyuni mpaka nyumbani.

Leo siku ya tatu, chakula anakula ila mpaka niondoke. Je kanisahau? Kaninunia? Wenu walikuwaje?

Roti wa Buhongwa
Pole sana dada. Mama anaendeleaje?

Wangu alikaa siku 10 sehemu fulani sitaitaja, kurudi sauti imekauka kabisa, anafungua mdomo kubweka inatoka hewa tu, viwiko vimechubuka kwa kulala kwenye sakafu ya simenti, na akalala siku mbili mfululizo anaamka kunywa maji anarudi kulala. Mimi nikajua kapewa dawa. Kumbe kule mbwa zikiwa nyingi moja ikianza kubweka zote zinafuata usiku kucha, hazilali. Kwa hiyo usimhesabie siku za kwanza, huenda mwenzio kachoka tu. Siku hizi kabla sijasafiri nampeleka kwanza alale usiku mmoja nikamchukue kesho yake, ajue kwamba pale watu huwa wanarudi, na namwekea godoro lake mwenyewe na shuka nililolalia bila kulifua.

Kipusa86
Wa kwangu alifurahi mpaka akakojoa kwenye viatu vya mume wangu, akapigwa kofi palepale. Mpaka leo mume wangu akirudi safari mbwa anajikunja anajificha nyuma ya tenki. Jamani akikojoa kwa furaha msimpige, hata hajui kama kakojoa.

Mwalo Igombe
Mimi mbwa wangu hajawahi kukaa bodingi ya kulipia, ila kila mwezi namwacha kwa mama mmoja anayeuza chai hapa mwaloni tunaposhushia samaki, kwa hiyo hili jambo naliona mara kumi na kitu kwa mwaka.

Sisi wa dagaa tunafanya kazi giza, mbalamwezi ikishakua kubwa dagaa hawafuati tena taa, ndo tunatoka dago, yaani kambi za uvuvi visiwani, tunarudi nyumbani. Hapo nimekaa huko kama siku 20. Sasa sikiliza dada angu. Tukiingia mchana, upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu, mbwa ananijua mtumbwi ungali mbali sana, anaingia majini mpaka kifuani analia kama mtoto. Lakini tukiingia alfajiri, upepo unatoka nchi kavu unakwenda ziwani, huyohuyo mbwa ananibwekea kama mwizi, meno nje, nasogea na yeye anarudi nyuma, mpaka nimwite jina au anizunguke anipate kwa pua. Mwaka wa kwanza iliniuma, nikasema huyu mbwa ndo nilimtoa kwenye mfuko wa salfeti akiwa hajafumbua macho, nikamlisha uji kwa kijiko, leo ananitolea meno. Nimekuja kuelewa baadae sana kwamba macho yake hayana habari na mimi, mimi kwake ni harufu na sauti.

Ulivyoenda kumchukua ulitokea wapi? Ulikuwa umeoga kwako umevaa nguo zako za siku zote?

Mama Simba Nyegezi
@Roti asante, mama anaendelea vizuri, ameanza kutembea.

@Mwalo umenigusa. Nilishuka stendi nikaenda moja kwa moja, sikutaka hata kupita nyumbani, nguo ni zilezile za kwenye basi. Na siku 24 nimeshinda wodini, sabuni sio yangu, mafuta sio yangu, nywele nimesuka Dar na dawa mpya. Nilikuwa nanuka hospitali. Sikuwaza kabisa.

Dokta wa Mifugo Ilemela
Mkuu wa mwalo kaongea vizuri kuliko nilivyofundishwa darasani. Niongezee kidogo.

Mbwa hakusahau kwa siku 24. Hata miezi anakukumbuka. Kuna watafiti wa Japani mwaka 2022 walipima machozi ya mbwa aliyeachana na mwenyewe masaa 5 hadi 7, wakakuta yanaongezeka akikutana na mwenyewe, ila akikutana na mtu mwingine anayemfahamu hayaongezeki hivo. Kwa hiyo yule kijana wa bodingi asikutie wivu, ndo aliyekuwa na bakuli wiki tatu, mbwa kamkalia karibu kwa sababu pale ndo palipokuwa na uhakika.

Kutokukuangalia, kupiga miayo, kulamba pua, kula ukiondoka, hizo zote ni dalili za mbwa aliyebanwa na mawazo, sio kisirani. Usimkumbatie kwa nguvu, usimshikie uso umlazimishe akuangalie. Ratiba irudi ileile, muda uleule wa chakula na wa kutembea. Chakula rudisha kidogokidogo, kama kule alikula pumba na mapanki (mabaki ya sangara) na kwako anakula dona na dagaa ukibadilisha ghafla ataharisha. Cha muhimu zaidi kwangu angalia kikohozi kikavu kama anataka kutoa kitu kooni, hicho wanaambukizana mabandani na kinaweza kuanza baada ya siku 3 mpaka 10 hivi, na akitapika na kuharisha damu usingoje kesho. Na chanjo ya kichaa iwe hai kabla hujampeleka popote.

Baba Shamsa
Mimi muislam, mbwa ni wa ulinzi, haingii ndani na wala simshiki, kwa hiyo sikudhani kama kuna kitu kati yetu. Nilisafiri wiki tatu nikamwacha kwa jamaa yangu Sengerema mwenye eneo kubwa. Siku ya pili napigiwa simu mbwa hali. Ya tatu hali. Nikamwambia jamaa weka spika nimsemeshe, nikamwambia kula wewe, kama ninavyomwambiaga kila jioni nikimwekea ugali. Jamaa anasema mbwa alisimama akaenda kuangalia nyuma ya simu, akazunguka nyumba nzima ananitafuta, ndo akarudi akala. Niliporudi nikavuka na feri ya Kamanga siku hiyohiyo sikuweza kungoja kesho.

Alinipokeaje? Hakuruka hakufanya nini. Alikuja akalala mbele ya viatu vyangu, hata kwenye feri watu wanapita wanamruka hakunyanyuka.

Mama Simba Nyegezi
Narudisha mrejesho, leo siku ya nane.

Jumatano nilioga na sabuni yangu ya mche, nikafumua zile nywele, nikavaa dera langu la kazi nalolimia bustani, halijafuliwa tangu kabla ya safari. Nikakaa chini uani nikachambua mchicha, sikumwita. Alikaa mbali kama dakika 20 hivi. Alafu akaja kwa nyuma nikasikia pumzi shingoni, akaninusa sikio, kwapa, viganja, akanusa lile dera pindo lote, muda mrefu yaani mpaka nikaogopa kujitikisa, ndo akatoa ile sauti, ya kulia, sijawahi kumsikia akilia vile, akajiangusha mgongo kwenye mchicha wangu wote. Sasa hivi naandika kichwa chake kiko miguuni kwangu. Kikohozi hana, dokta asante.

Kimebaki kitu kimoja. Jana nilifungua mlango wa nyuma wa gari nitoe mfuko wa mchele, akakimbilia chini ya mti wa mwembe akajibana kwenye shina, hakutoka mpaka nilipoufunga. Mwenye uzoefu na hilo la gari naomba anisaidie, mwezi wa 12 tuna harusi Nansio na sijaamua kama naenda.