Mita ya betri kwenye karavani inasema 91%, inveta imeshazima

Swali
Wakuu, kwenye karavani kuna paneli ya wati 200, chaji kontrola ya MPPT (aina inayovuna nguvu nyingi zaidi ya paneli) na betri moja ya AGM (ya risasi na asidi, iliyofungwa) ya 100 Ah (ampea-saa). Nimefunga mita ya betri yenye shanti (kipande cha kupimia ampea kwenye waya wa hasi) ya 500 A/50 mV. Nikiwasha taa ampea zinaonekana, lakini friji ikinguruma kwenye inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) hazisogei hata kidogo. Alfajiri mita inasema 91% na inveta imeshakata kwa volti ndogo. Kontrola nayo saa sita mchana ilisoma 14.4 V. Nani mwongo hapo?

Nyaya_Tupu
Shanti huhesabu umeme unaopita ndani yake tu. Waya wa hasi wa inveta bado umebana kwenye betri. Pale kwenye hasi ya betri uache waya mmoja tu, mnene, uende upande wa shanti ulioandikwa BATTERY. Inveta, kontrola, chaja na waya wa chesi, yaani fremu ya chuma ya karavani (huu ndio husahaulika), vyote viende upande wa pili. Zima inveta, toa paneli kwanza, ndipo uguse betri. Ukirudisha, betri itangulie. Kisha washa kifaa cha wati 300 kwenye inveta: mita isome kama -28 A. Ikisoma +28, shanti imekaa kinyume.

Ampea4
Hiyo 14.4 V ni nguvu ya chaja inayosukuma, haimaanishi betri imejaa. Betri yako imejaa pale volti zinapokaa 14.4 huku ampea zinazoingia zikishuka hadi 4 au chini. Basi kwenye mita weka: uwezo 100 Ah, volti ya kujaa 14.2, ampea za mwisho 4% (ya uwezo, yaani 4 A), muda dakika 3. Ukiweka volti ya kujaa 13.2, wingu likipita tu ampea zinaanguka, mita inadhani kazi imekwisha na kurukia 100%. Kosa hili ni la kila siku.

Pima pia kwa multimita juu ya vichwa vya betri wakati jua ni kali. Kontrola ikisema 14.4 na betrini ni 13.9, waya mwembamba au nati iliyolegea inakula nusu volti, na betri haitajaa hata kontrola ikikuapia.

Mwenye swali
Kweli mkuu, hasi ya inveta na ya chesi zote zilikuwa betrini. Nimezihamisha, sasa friji inaonekana. Nikibadili kwenda lithiamu (LiFePO4), mipangilio inabaki hiyo hiyo?

Nyaya_Tupu
Hapana. Peukert (namba ya jinsi uwezo unavyopungua ukitumia ampea nyingi) weka 1.05 na ufanisi wa kuchaji 99%. Volti sahau: 13.2 inaweza kuwa nusu au zaidi ya hapo, huwezi kujua. Chini ya nyuzi 0 za Selsiasi usiichaji. Na uijaze kabisa mara kwa mara, maana matumizi madogo sana mita haiyahesabu, na asilimia inahama taratibu.