Nipimeje stadi za awali za kusoma bila mtihani wa karatasi?

Mwalimu wa awali, Rungwe

Habari za kazi, walimu wenzangu. Nina watoto 62 katika darasa la awali, peke yangu, ilhali uwiano unaotakiwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Kila muhula tunatakiwa kutoa alama, kwa hiyo tumezoea kuwagawia watoto karatasi wanakili irabu na kujaza herufi zilizoachwa. Nimeona kwamba mtoto anayenakili kwa mwandiko mzuri mara nyingi hawezi kuniambia neno "baba" linaanza na sauti gani, wakati yule asiyeweza hata kushika penseli anatega vitendawili na kusimulia hadithi ya sungura na fisi bila kuruka tukio. Aidha, wengi huzungumza Kinyakyusa nyumbani. Nimpimeje kila mmoja kwa haki, na nikishaujua upungufu wake nifanye nini?

Mwalimu, Kilolo

Kamwene, Mwalimu. Karatasi hiyo inapima mkono, na kusoma kunaanzia sikioni. Mimi hupima watoto 5 kwa siku wakati wenzao wako kwenye kona za kujifunzia. Mtoto hutazama picha ya parachichi akapiga kofi kwa kila silabi, kisha namtajia "mama, maji, kuku" anitolee neno lisiloanza kama mengine. Baada ya hapo nampa kitabu nikiwa nimekigeuza juu chini, nione kama atakiweka sawa na kama kidole chake kitatoka kushoto kwenda kulia. Herufi huja mwisho kabisa, nazo huanza na zile za jina lake mwenyewe. Katika daftari naandika "anaweza", "anaweza akisaidiwa" au "bado", na hao wa "bado" ndio ninaokaa nao kesho yake, wanne wanne, kwa mchezo uleule waliokwama.

Kuwa mwangalifu na maneno yanayoanza na m. "Mtoto" ni makofi matatu, m-to-to, lakini "mbuzi" ni mawili tu, mbu-zi. Nimewahi kumsahihisha mtoto aliyekuwa sahihi, kwa sababu mimi nilikuwa ninaiona herufi naye alikuwa anaisikia sauti.

Mwalimu mstaafu, Mbeya

Nakubaliana na mwalimu wa Kilolo, ila suala la lugha ya nyumbani lisipitwe haraka. Mtoto wa huku akiiona "rula" akatamka "lula", msikimbilie kuandika kwamba haijui herufi r. Tandaza kadi chache mezani, umwambie aiguse r. Akiigusa bila kusita, anaijua, na kilichobaki ni ulimi tu, ambao utanyooka kwa nyimbo na kwa muda. Vilevile, mwache asimulie kwa Kinyakyusa. Masimulizi yakienda kwa mpangilio, uwezo wa lugha anao, na anachokosa ni msamiati wa Kiswahili, basi mpe majina ya vitu anavyovishika kila siku: kikombe, jembe, mgomba, kuni. Asiyeweza kusimulia kwa lugha yoyote ndiye wa kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Jambo jingine, hasa miezi ya Juni na Julai baridi inapokaza: mtoto mwenye mafua yasiyoisha au sikio linalotoa usaha anaweza kushindwa kutofautisha "pa" na "ba". Mshauri mzazi ampeleke zahanati kwanza, ndipo umpime upya.

Mzazi, Tukuyu

Shikamooni walimu. Sisi wazazi tunadai alama kwa sababu hatuoni kingine cha kutuonyesha kwamba mtoto anasoma. Jioni hatuna vitabu nyumbani. Tunaweza kusaidia nini?

Mwalimu wa awali, Rungwe

Marahaba, mama. Hadithi na vitendawili vya jikoni vinatosha sana, ukimpa mtoto nafasi ya kutega na si kutegewa tu. Mkimenya ndizi, mwulize ni kitu gani kingine kinachoanza kama "ndizi". Badala ya alama nitakuonyesha ukurasa wake wa daftari, ili ujue amekwama wapi.

Walimu, asanteni. Kwa watoto 5 kwa siku nitahitaji siku 13 za masomo kulimaliza darasa. Jumatatu ninaanza na wale wanaokaa kimya nyuma, na kadi za herufi nitazikata kwenye maboksi ya sabuni.