Naomba ushauri, makao ya wazee ya kumpeleka mamangu

Hamjambo wote, naomba mnisaidie mawazo. Mamangu ana miaka 78, alipata kiharusi mwaka jana na upande wa kulia haufanyi kazi, mimi natoka Kasarani saa kumi na moja asubuhi narudi usiku, na dada wa kazi wawili washaacha juu kumgeuza si mchezo. Nimetembelea makao mawili. Moja sakafu inang'aa kabisa, meneja ana maneno matamu, lakini nikaona mzee uji umemkaukia kifuani na ni saa nane mchana. Nikauliza usiku wanabaki walezi wangapi, naambiwa "wa kutosha". Wa kutosha ni wangapi jamani?

Sasa nikirudi bila kuwaambia, niangalie nini haswa kujua wagonjwa wanageuzwa kila masaa mawili wasipate vidonda vya kitandani? Na karatasi gani niitishe kabla nilipe depositi?